Saa Kumi Alfajiri ya Singasinga

Katika masimulizi yetu ya mitaani Singasinga ana kazi tatu tu: kufungua injini, kupasua mbao, na kuvuta ndevu zake akikasirika. Muulize mzee wa hapa Gairo aliyewahi kuwa utingo wa malori ya zamani. Atakupa habari za gereji, za spana, za kilemba kisichoingia grisi hata jua likizama. Sasa muulize Singasinga huyo alikuwa akiomba nini, saa ngapi, na kwa maneno gani. Mzee atakutazama kama umemuuliza idadi ya nyota.

Vitabu vya historia navyo havitusaidii sana. Humo Mhindi ni duka, ni reli, ni tabaka la kati baina ya Mzungu na Mwafrika. Yote hayo ni kweli, sibishi. Lakini mtu haamki asubuhi akiwa tabaka. Huamka akiwa mtu, na mtu ana jambo analolitamani.

Nasema hivi kwa sababu naandika riwaya. Iko kwenye kaunta buku mbili, haijafika popote, lakini ipo. Mmoja wa wahusika wangu ni fundi wa Kisingasinga ambaye lori lake limemfia hapa Gairo, barabara ya Dodoma, zama za mkoloni. Nimempa nyundo, nimempa kilemba, nimempa hasira. Giza halijatoka, yeye anaamka. Anafanya nini? Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikaanza kutafuta. Vijana wenzangu mnaoandika, nawaletea niliyoyaokota.

Tuanze na jina. Mwaka 1699, katika mji wa Anandpur huko Punjab, Guru Gobind Singh, ambaye ni Guru wa kumi na wa mwisho kati ya Maguru wa watu hawa, aliunda jumuiya iitwayo Khalsa. Wanaume wakapewa jina la Singh, yaani simba, na wanawake jina la Kaur. Wakaamriwa alama tano za kubaki nazo mwilini: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani, na upanga mdogo. Kutokana na Singh sisi tukapata Singasinga. Na lile jina la Kalasinga, inasimuliwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa mwanzo mwanzo huko Kenya, Kala Singh, ambaye jina lake liligeuka kuwa la kabila zima. Hivyo ndivyo lugha yetu ilivyowapokea, kwa kilemba na kwa jina la mtu mmoja.

Walifikaje? Wapo waliotangulia kama askari na polisi wa Mwingereza. Lakini mlango mkubwa ulikuwa reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Walileta vibarua na mafundi wapata 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab: Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine wakaliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Mmoja wa walioliwa alikuwa msimamizi wa Kisingasinga, Ungan Singh, aliyeburutwa usiku kutoka hemani mwake. Kazi ilipokwisha wengi walirudi kwao, lakini wapata 6,700 wakabaki.

Huku kwetu Mjerumani alianza reli yake Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa ikaizunguka milima ya Ukaguru, na mwaka 1914 ikagonga Kigoma. Gairo ikaachwa pembeni. Sisi ni watu wa barabara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipokuwa chini ya Mwingereza, mafundi wa Kisingasinga waliongezeka: kwenye karakana za reli, kwenye ujenzi, kwenye gereji za mabasi na malori, kwenye viwanda vya mbao. Tanga kulikuwa na kiwanda ambacho jina lake tu linatosha, Sikh Saw Mills. Wengi wa Masingasinga wa Afrika Mashariki walikuwa wa jamii iitwayo Ramgarhia, ukoo wa maseremala, waashi na wahunzi. Kwa hiyo yule Singasinga wa spana hakutungwa na wapiga soga. Alikuwepo.

Ila kabla ya kuishika spana alikuwa ameshafanya kazi nyingine.

Siku ya Singasinga mshika dini huanza giza bado liko nene, kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili. Wakati huo wana jina lake, amritvela, maana yake wakati wa maji ya uzima. Anaamka, anaoga mwili mzima, maji yawe baridi kiasi gani. (Wewe uliyewahi kuoga Gairo alfajiri ya mwezi wa saba, upepo wa Ukaguru ukivuma, unaelewa habari hii si ya mchezo.) Anachana nywele, anafunga kilemba, anakaa chini. Kisha anasoma Japji, utenzi wa Guru Nanak wenye beti 38, pamoja na sala nyingine fupi. Wengi huzijua kwa moyo. Jioni jua likizama anasoma sala iitwayo Rehrasi, na kabla ya kulala anasoma Sohila. Hivyo siku imefungwa kwa maneno kila upande, kama mzigo wa mkaa uliokazwa kamba juu na chini.

Guru Nanak mwenyewe alizaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539. Mafundisho yake, kwa wafuasi wake, hukusanywa katika mambo matatu: kulikumbuka Jina la Mungu, kula jasho lako la halali, na kugawana na wenzako ulichonacho. Angalia jambo la kwanza. Hakusema tu kumjua Mungu, wala kumwogopa tu. Alisema kumkumbuka. Kumkumbuka huko wanakuita simrani, kulirudia Jina hilo polepole mpaka ulimi unaacha kuwa ulimi na pumzi inashika kazi. Msomaji wangu Mwislamu hapa atasema, mbona hii ni zikri? Na hajakosea kuona undugu. Ndani ya kitabu kitakatifu cha Masingasinga mna beti za Sheikh Farid, walii wa Kisufi, zimewekwa pamoja na za Maguru wenyewe.

Kitabu hicho ni Guru Granth Sahib. Kilikusanywa na Guru Arjan mwaka 1604, na mwaka 1708 Guru Gobind Singh akatangaza kwamba baada yake hakuna tena Guru mwenye mwili, Guru ni kitabu. Kina kurasa 1,430, na karibu zote ni mashairi yaliyopangwa kwa mahadhi ya kuimbwa. Kila alfajiri hufunguliwa kwa heshima, na usiku hufunikwa na kulazwa mahali pake kama mfalme anayepumzika. Asubuhi hufunguliwa popote, na ubeti unaojitokeza ndio amri ya siku hiyo.

Nasema nanyi waandishi: kuna watu duniani ambao kiongozi wao wa roho ni diwani ya mashairi. Tusipite hapo mbio.

Na mashairi yenyewe yanazungumza nini? Mengi yanazungumza kiu. Roho ni mke ambaye mume amesafiri, anasikiliza kila mchakato wa nyayo uani. Roho ni samaki aliyetolewa majini. Roho ni ndege anayelia usiku kucha akingoja tone moja la mvua, asitake maji ya mto wala ya kisima. Hapa Gairo mfano huo hauhitaji mkalimani. Sisi tuliokulia kwenye visima vya maji ya chumvi, ambao tumewaona mama zetu wakitazama mawingu ya mwezi wa kumi na moja yakipita kwenda kunyesha kwa wengine, tunamjua ndege huyo kuliko profesa yeyote.

Iko hadithi inayosimuliwa miongoni mwao kuhusu Guru Arjan akiwa bado kijana, naipenda kupita zote. Baba yake, Guru Ram Das, alimtuma Lahore kuhudhuria harusi ya ndugu, akamwambia akae huko mpaka atakapoitwa. Siku zikapita, hakuitwa. Kijana akaandika barua ya mashairi kumweleza baba yake, ambaye pia ni Guru wake, jinsi macho yake yanavyokauka kwa kumngoja. Hakuna jibu. Akaandika ya pili. Kimya. Kumbe kaka yake mkubwa, Prithi Chand, alikuwa akizificha barua kwa wivu. Ya tatu akaiwekea namba tatu na kumkabidhi mjumbe aipeleke mkononi mwa baba. Baba alipoiona ile namba akauliza, mbili za kwanza ziko wapi? Siri ikafichuka, kijana akaitwa nyumbani, akatakiwa amalizie ubeti wa nne, ubeti wa kuonana. Mwaka 1581 akawa Guru wa tano. Mashairi hayo husomwa hadi leo katika sala.

Sasa mweke fundi wetu hapo. Ni mwaka wowote wa kambi za reli au wa malori. Ameacha Punjab, mama yake hajui kusoma, barua inachukua wiki nyingi baharini, na mke atamfuata baadaye, mungu akijalia na nauli ikipatikana. Alfajiri anasoma maneno ya mtu anayelia kwa kutengwa na ampendaye. Je, anamlilia Mungu au analilia nyumbani? Nadhani hata yeye asingeweza kuzitenganisha kiu hizo mbili. Dini yake ilikuwa imemtayarishia lugha ya ugeni kabla hajapanda meli. Ndiyo maana nasema ukiandika historia ya wahamiaji hawa kwa mishahara na tiketi tu, umeandika ngozi ya embe.

Tena ibada hii ilifaa sana maisha ya safari. Haihitaji padri wala shekhe wa kuiongoza, na sala za kila siku haziwi halali kwa kusomwa hekaluni tu. Kijitabu kidogo cha sala kilichofungwa kitambaa kinatosha, na asiye nacho ana kichwa chake. Kitabu kikubwa chenyewe ndicho kinachotaka chumba safi, tandiko na paa. Kwa hiyo mafundi hawa, ambao kujenga kwao ni kama kupumua, popote walipokuwa wengi walisimamisha gurudwara, yaani hekalu lao, kwa mbao na mabati, baadaye kwa mawe. Humo jioni zikapigwa harmoniamu na tabla, vyombo ambavyo mpenzi wa taarabu anavijua vizuri sana, na mashairi yakaimbwa.

Kazi nayo ilikuwa ndani ya ibada. Masimulizi yao yanasema Guru Nanak alipofika mji mmoja alikataa karamu ya tajiri Malik Bhago, akaenda kula kwa seremala maskini aitwaye Lalo. Tajiri akachukia, akataka maelezo. Nanak akashika mkate wa seremala mkono mmoja na wa tajiri mkono wa pili, akaikamua yote. Wa seremala ukatoa maziwa. Wa tajiri ukatoa damu. Unaweza kufikiri hadithi hiyo ilivyoingia masikioni mwa maseremala wa Ramgarhia walioshinda wakipiga randa katika joto la Tanga. Randa yenyewe ikawa namna ya kusali.

Lakini tusiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Lipo jambo gumu, na mwandishi akilikwepa atakuwa muuza kadi za sikukuu.

Guru Nanak na waliomfuata waliweka jiko la hekalu, langari, ambako kila mtu anaketi chini mstari mmoja na mwenzake, tajiri na fukara, wa jamii ya juu na wa chini, wakala chakula kilekile bure. Waliliweka kwa makusudi, kuvunja matabaka ya India. Na kila siku Singasinga akimaliza sala ya kusimama, ardasi, huomba heri ya watu wote duniani. Watu wote. Basi katika Tanganyika ya mkoloni, ambako hospitali, shule na hata mishahara ilipangwa kwa rangi, Mwafrika aliyekuwa akimpokeza spana fundi huyu alihesabiwa wapi katika hao wote? Mkoloni alikuwa amechora mistari, na jamii nyingi za Kihindi ziliishi ndani ya mistari hiyo, nyingine kwa kulazimishwa, nyingine kwa kuridhika. Hata wao kwa wao hawakukaa mstari mmoja daima: katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki utakuta gurudwara ya Ramgarhia peke yake na ya Singh Sabha peke yake.

Wapo waliouvuka mstari huo waziwazi. Makhan Singh, aliyefika Kenya kijana mwaka 1927, aliunganisha wafanyakazi Waafrika na Wahindi katika chama kimoja, na mwaka 1950 akadai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwingereza akamweka kizuizini mpaka mwaka 1961. Sitasema alifanya hayo kwa ajili ya dini, maana yeye alikuwa mtu wa siasa za mrengo wa kushoto. Nasema tu kwamba aliketi mstari mmoja na wenzake.

Na ipo Makindu. Kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mahali palipokuwa kituo cha reli, Masingasinga wafanyakazi wa reli walijenga gurudwara mwaka 1926. Leo hapo msafiri yeyote, wa dini yoyote na wa rangi yoyote, anavua viatu, anafunika kichwa, anaketi, anapewa chapati, dengu na chai. Halipi kitu. Akitaka kulala, analala. Madereva wa malori wanapajua. Sisi wa Gairo tunaoishi kwa kuwauzia wasafiri viazi na mahindi ya kuchoma hatuwezi kugawa bure, njaa haituruhusu, lakini tunajua thamani ya kumpa chakula mtu ambaye hutamwona tena. Makindu yale maneno ya heri ya watu wote yamegeuka kuwa dengu. Nadhani hapo ndipo sala ilipolipa deni lake, hata kama ilichelewa.

Halafu wakaondoka. Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ziliwafanya Wahindi wengi wa Tanzania wafungashe. Azimio lilikuwa na haki yake, nchi ilikuwa ikijitafuta, na mimi sitaki kulihukumu nikiwa mtoto wa juzi. Uganda ilikuwa balaa la namna nyingine: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Masingasinga wengi wakaenda Uingereza, wakawa wahamiaji mara ya pili. Waliobaki ni wachache, ingawa gurudwara zipo na sala bado zinasomwa katika miji kama Dar es Salaam na Arusha.

Vijana wa zamani wakisikia Kericho, huko kwenye chai ya Kenya, humkumbuka Joginder Singh aliyezaliwa huko mwaka 1932, akashinda mbio za magari za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, wakamwita Simba wa Kenya. Lakini Kericho ilimlea Singasinga mwingine ambaye hakukimbia popote. Huyu ni Puran Singh, fundi aliyeishi huko miaka mingi, akijulikana kwa kuamka usiku, kwa simrani, na kwa kuwafundisha watu kutumikia bila kungoja malipo. Miaka ya 1970 alihamia Birmingham, akaanzisha huko jumuiya ya kutumikia bila kutaka faida, na mwaka 1983 akafariki. Wafuasi wake mpaka leo wanamwita Kerichowale, maana yake mtu wa Kericho.

Hebu lipime jambo hilo. Mtu ametoka Punjab, amefia Uingereza, lakini watu wanapomtaja wakati wa sala wanatamka jina la mji wetu wa Afrika Mashariki. Miaka mingi fundi yule alikuwa Kericho akitamani Mungu wake, na pengine akiitamani Punjab. Halafu katika baridi ya Birmingham, Kericho ndiyo ikawa mahali pa kutamaniwa. Udongo wetu uliingia katika dua zao wakati sisi tukidhani wameshughulika na mbao tu.

Kwa hiyo ndugu mwandishi mwenzangu, uliyeko Morogoro, Dodoma, Mwanza au kokote, wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Gairo yetu ilipata kuwa wilaya mwaka 2012, lakini kumbukumbu yake haimo katika ofisi yoyote, imo vichwani mwa watu wanaokaa vibarazani wakiota jua. Nenda na daftari. Ukimkuta aliyefanya kazi kwa Singasinga, au kwa Mgoa, au kwa Mwarabu wa dukani, usiishie kumuuliza alilipwa shilingi ngapi. Hilo uliza, ni muhimu. Kisha muulize bosi wake alikuwa akiamka saa ngapi, na kama taa ilikuwa ikiwaka dirishani kabla jogoo hajawika. Wengine watakwambia hawajui. Mmoja atanyamaza kidogo, aseme, kumbe uliwahi kusikia wewe? Alikuwa akiimba polepole, sisi tukidhani anahesabu fedha.